Ukurasa wa Pili

Kitengela, 14 Juni 2009

Kwako dada Jacinta,

Kitambi changu hakijambo, ila siku hizi kinalishwa uji kwa mrija. Unajua ninavyopenda matangazo: nilitema mate kwenye kichupa, yakapelekwa ng'ambo, ili niambiwe chakula kinachofaa damu yangu. Ukurasa wa kwanza wa majibu ulinikataza nyama ya mafuta. Wa pili ulitaja ugonjwa, eti hata ndugu zangu huenda wako nao.

Nikamsomea ndugu yetu Nashon mezani, mbele ya mkewe.

"Nani alikutuma unipimie maisha?" Nashon akanipiga mdomoni kwa kiti. Meno matatu yakaangukia ugali. Nikiwa chini akanikanyaga mpaka ubavu ukalia, na yeye mwenyewe, dada, alikuwa analia.

Basi wewe nakuuliza kwanza: unataka kujua ni ugonjwa gani? Ukikataa, nitachoma hiyo karatasi.

Nashon amekuja kunitazama, ameisoma barua hii mpaka hapo. Anasema kwa kukuuliza tu, nimeshakuambia.

Huenda ni kweli. Lakini wewe uko na watoto wanne. Naituma.

Kaka yako mwenye mdomo, na sasa umevimba,
Wasike