Tuta la Mbele ya Shule

Wee, nimeaibika leo mbele ya umati. Usicheke kwanza.

Si unajua nilialikwa kughani kwenye uzinduzi wa barabara? Mhandisi akaanza kujisifu: lami ya zamani imesagwa na kurudishwa palepale, kwa hiyo mafuta yaliyochomwa ni kidogo, moshi kidogo. Sawa, kazi nzuri. Hata njia ya waenda kwa miguu ipo.

Nikashika kipaza sauti. Beti mbili za sifa, ubeti wa tatu nikamgeukia mhandisi: "Mjenzi wa barabara, mbona tuta hukuweka?"

Makofi! Wote wanajua mdogo wangu wa kike aligongwa pale mbele ya shule, na hadi leo anatembelea mkongojo.

Mhandisi wala hakukasirika. "Kijana, tuta lilikuwa kwenye mchoro. Kikao chenu cha wakazi ndicho kilichokataa. Mzee wako alisimama akasema matuta yanavunja springi za malori."

Mzee wako. Baba yangu! Dereva mzima wa lori, amekaa mstari wa mbele, anaangalia viatu vyake.

Mzee wako, kasema. Watu walivyocheka, ndugu yangu, nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani baba kanifokea: "Umenivua nguo hadharani! Si ungeniuliza kwanza?"

Nikamwambia, "Na wewe si ungemuuliza binti yako?"

Kumbe mdogo wangu kasimama mlangoni, mkongojo kwapani. Kasema polepole tu:

"Mimi nilijua, kaka. Baba aliniomba nisikwambie."