Nyanya Yenye Uzi Mwekundu

Shoga, nimeila. Nyanya ya mbegu ya marehemu mama nimeila kwa mdomo wangu huu.

Si unajua alivyokuwa akifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, ili ile ya mbegu isichumwe? Hii aliifunga wiki ya mwisho ya uhai wake. Ndiyo pekee iliyobaki.

Leo wifi kapika. Nikamsifia mchuzi, nikaongeza. Akasema, "Nimetia ile yenye uzi. Nilidhani mama alituwekea."

Alituwekea. Nikasukuma sahani kando.

Kaka naye eti, "Mbegu si zipo dukani? Za kisasa zinazaa kuliko hizo." Zinazaa msimu mmoja, wa pili zinabadilika. Za mama zimetulisha tangu enzi za bibi.

Kikonyo nimekiokota jikoni. Fundo lake bado limekaza.