Udongo Ulioingia Oveni Ukanenepa

Mpendwa Mshauri,

Nijibu kabla ya Jumamosi nakusihi, maana baada ya hapo jibu lako litakuwa rambirambi tu. Mimi ni msichana wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nasomea uhandisi wa ujenzi, na ni mrefu, nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa, siku ya kujiandikisha nilikuwa kwenye foleni na godoro langu kichwani, kocha wa mpira wa kikapu akaniona akanitoa kwenye foleni kabla hata sijapewa chumba, na kwa kuwa ni kweli nilicheza sekondari na ni kweli najua kucheza, sasa mimi ndiye ninayepandisha mpira na timu nzima inanitazama mimi.

Tatizo ni kwamba mazoezi ni asubuhi na maabara ni asubuhi, kocha hataki kusikia, ukichelewa unaanzia benchi, na mhadhiri wetu wa udongo naye hataki kusikia, na mimi niko katikati kama nguo inayokamuliwa na watu wawili.

Maabara tunafanya wawili wawili. Mwenzangu wa meza ni msichana mpole, na kazi yenyewe ilikuwa rahisi, unapima uzito wa udongo wenye maji, unauweka oveni, kesho yake ukishakauka unaupima tena, na ile tofauti ndiyo maji. Siku ya kwanza alipima peke yake kwa sababu nilikuwa mazoezini, tukakubaliana kesho yake nipime mimi na nikabidhi ripoti kwa kuwa yeye alikuwa na miadi kliniki ya macho, basi kesho yake kocha akaturudisha uwanjani wote tukimbie kwa kosa la mtu mwingine, nikafika maabara jezi imenigandia mgongoni, nakuta fundi wa maabara ameshatoa makopo yote ya udongo ameyaosha na ripoti zinakusanywa mlangoni, nikainama pale kwenye korido nikaandika namba iliyonijia kichwani. Mshauri, sikufikiri. Niliandika namba kubwa kuliko ile ya kwanza.

Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa zima. "Hawa wawili wameingiza udongo oveni, ukatoka umenenepa," akasema. "Jamani, nionyesheni hiyo oveni nimpeleke ng'ombe wangu, amekonda sana." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu siku hiyo tunaitwa Waokaji, hata mpishi wa kantini ananiuliza mkate wa leo umeumuka? Mhadhiri alipotaka kujua ilikuwaje nikasema labda mizani ni mbovu. Mizani ikakaguliwa, ikaonekana nzima. Ametupa sifuri wote wawili, ila anasema kwa huruma yake tutarudia, Ijumaa mchana tunaweka udongo oveni na Jumamosi asubuhi tunapima, lazima tuwepo wote, akikosekana mmoja sifuri inabaki kwa wote, na mwenye sifuri ya vitendo haruhusiwi kufanya mtihani, anarudia mwaka.

Na Jumamosi asubuhi ndiyo nusu fainali.

Baba yangu ni fundi friji, amebandika picha yangu ya jezi kwenye ukuta wa karakana na hakuna mteja anayeondoka bila kuonyeshwa. Mama yeye anasema mpira haujengi daraja. Nikikosa mechi nimewaangusha wenzangu, nikikosa maabara narudia mwaka. Nimewaza mwenzangu aende peke yake aseme naumwa, pengine mhadhiri atalegea, lakini nilipomgusia tukiwa kwenye ngazi za bweni aliniangalia akasema, "Wewe Jumamosi njoo, dada. Mimi sina lingine," akapanda zake juu.

Na niseme ukweli wangu wote, uwanjani ndiko ninakojua ninachofanya. Darasani naandika kila kitu na sielewi kitu. Nikiingia maabara mikono inatetemeka, nikishika mpira inatulia. Nichague lipi, Mshauri? Na kocha nimwambieje?

Wako,
Mrefu wa Kuonewa

*

Mrefu wa Kuonewa,

Nani amekuonea? Nimerudia barua yako kumtafuta huyo mwonevu mpaka chai yangu ikapoa, na sikumpata. Unasema kocha hataki kusikia. Hataki kusikia nini? Hakuna mahali ulipoandika kwamba ulimwambia una maabara asubuhi. Mhadhiri naye hataki kusikia, lakini sioni ulipomweleza kwamba unachezea timu ya chuo. Umewanyima watu wazima wawili habari, halafu unanung'unika kwamba hawakuelewi! Wangekuelewaje, kwa ramli?

Sitakutupia ile methali ya mshika mawili, najua mama yako ameshaichakaza. Nakupa inayomfaa mvaa raba kama wewe: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ulikimbia maabara, ukabuni namba, ukaisingizia mizani ya watu, na sasa unataka mwenzako akuuguze ugonjwa usiokuwepo. Binti, hata kwenye barua ya kuomba ushauri unapiga chenga?

Pole, lakini. Pole ya kweli. Hapo uliposema mikono inatetemeka nimekuelewa kuliko pengine pote. Ulikuja chuo, wa kwanza kukutambua akautambua urefu wako, na tangu hapo umekwenda kujificha pale unapojiweza. Wengi wa mwaka wa kwanza hawaelewi kitu, wanaandika na kutikisa kichwa kama wewe. Tofauti ni kwamba wao wamebaki ndani ya chumba, na kidogo kidogo wataelewa. Udongo hutauelewa kwa kuukimbia, na usimtwishe kocha woga ambao ni wako.

Sasa nikuambie kilichoniudhi. Umenieleza habari za kocha, mhadhiri, baba, mama, hata ng'ombe wa mhadhiri. Mwenzako wa meza umemwita mpole, ukapita. Huyo alipima peke yake ukiwa mazoezini. Alikuamini na ripoti. Alichekwa na darasa zima kwa namba ambayo hajawahi kuiona, anajua fika imetoka wapi, na hakukunyooshea kidole. Macho yake yakoje baada ya kliniki, ulimuuliza? Upole wake si shimo la kutupia taka zako.

Haya, sikiliza, na usinikatize.

Ukimaliza kusoma hapa nenda kwa mhadhiri. Mwambie, "Namba niliibuni mimi, mwenzangu hakuiona, na mizani haina kosa." Sikufichi, anaweza kukupeleka mbele ya kamati ya nidhamu. Nenda hivyo hivyo. Mwombe sifuri ile iwe yako peke yako. Akikubali, mwenzako bado atahitaji kurudia kipimo na wewe ili apate alama, kwa hiyo usije ukaigeuza kuwa ruhusa ya kwenda kucheza! Muulize pia kama lipo kundi la maabara la mchana uhamie huko, jambo ambalo ungeliuliza wiki ya kwanza tusingekuwa hapa mimi na wewe.

Kutoka hapo nenda kwa kocha, tena kabla ya mazoezi, si wakati amepanga timu. Usimwombe, mwarifu: "Kocha, Jumamosi asubuhi nina maabara, sitacheza." Atapiga kelele. Kelele haziui mtu. Akikuweka benchi mwezi mzima, kaa, ushangilie wenzako. Baba mpigie wewe mwenyewe kabla hajafunga karakana kuja kukutazama.

Ijumaa uwe wa kwanza mlangoni. Pima wewe, mwenzako asimame pembeni akuelekeze, na usipoelewa uliza kwa sauti hata wakikucheka. Mwombe msamaha kwa maneno kamili. Usimnunulie soda ukadhani yamekwisha.

Timu ikifungwa bila wewe utalia, na ulie, maana unaupenda mpira na sioni aibu ndani yake. Lakini pale benchi wamekaa wasichana wanaoiombea nafasi yako kila siku, na Jumamosi mmoja wao ataipata. Kwenye ile meza ya maabara usipokuja wewe, hakuna mwingine atakayeinuka kwenda kusimama na yule binti.

Mshauri wako