Kabla Hawajaukata Mgomba

Mpendwa shemeji Audax,

Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Miezi minane si michache, na wewe ulituma salamu mara mbili kwa dereva wa lori la kahawa, nikazipokea nikanyamaza. Sikuwa nimenuna. Nilikuwa na mimba kubwa, halafu nikajifungua, halafu ikawa kunyonyesha, kuchota maji, kuanika kahawa, na siku zinapita tu. Simu yako haipatikani tena. Kwa hiyo nimempa dereva yuleyule karatasi hii bila bahasha. Atakayetaka kuisoma njiani aisome, mradi ikufikie huko Kasese, Uganda.

Mtoto ni wa kike, tumemwita Kemilembe. Ana paji la uso la baba yake, Novatus. Akiamka anakunja uso kama mtu aliyeulizwa swali gumu, mpaka mama mkwe anageuka upande.

Ninaandika kwa sababu ya jambo la Jumapili. Tumetoka kanisani, baba mkwe akaniita nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alikuwa na mdogo wake. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hivi mume wako alikuwa na urefu gani?"

Mimi na akili zangu za kukosa usingizi nilifikiri wanataka kumtangaza upya huko mlimani alikopotea. Nikaenda kwenye nguzo ya mlango nikaweka kiganja. Nikasema hapa, maana alikuwa anagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu akisahau kuinama. Baba mdogo akakata ufito kwa kipimo hicho, akaenda nao kwenye migomba, akaanza kuusimamisha kwenye shina moja baada ya jingine.

Ndipo nikaelewa. Wanataka kuzika mgomba badala yake, kama walivyofanya kwa yule jirani wa Kanoni aliyezama Mto Kagera asionekane. Wataukata kwa kimo chake, watauvika lubugo, ile nguo ya gome la mti, kama maiti, watachimba kaburi kando ya babu zake, watu watalia, yaishe. Na wewe unajua desturi yetu. Mtu akishazikwa hivyo, hata akitokea barabarani kwa miguu yake hana pa kuingilia. Kaburi lake limejaa.

Nikasema, "Baba, sijakubali."

Baba mdogo akanyanyua ule ufito. "Kipimo umekitoa wewe mwenyewe, mama."

Sikulia, shemeji. Tangu siku ile ulipopiga simu sijalia. Wanawake wa jumuiya walikuja kunilia, nikawakaangia karanga. Mmoja alinong'ona, "Huyu ana moyo wa jiwe." Nikamsikia, nikampelekea chai. Ninaona kila kitu, nafanya kila kitu, ila ni kama kinafanywa na mtu mwingine chumba cha pili.

Nakumbuka vidole vyangu kule juu. Unakumbuka? Safari ile ya kwanza, sisi watatu, mimi na wewe na rafiki yako Novatus, kila mtu na begi lake mgongoni, tukavuka daraja la Murongo kama watu wanaokwenda harusini. Novatus alikuwa amebeba mizigo Kilimanjaro miaka mitatu, mgumu, ndivyo wanavyowaita wapagazi kule, wa kupandisha mahema na majiko ya wageni, na hajafika kileleni hata mara moja. Wageni wanapanda, wagumu wanabaki kambini kungoja. Akawa anasema, "Safari hii nabeba nguo zangu mwenyewe, na nafika mpaka kwenye barafu." Milima ya Rwenzori ndiyo ilikuwa karibu, na huko Uganda wangetuelewa tukiongea lugha yetu.

Kweli walituelewa. Yule mama aliyetuuzia viazi pale chini alicheka mpaka akakaa. "Nyie mnaongea kama bibi yangu, na bibi yangu alishakufa!" Ukamjibu, "Basi tuamkie." Akakuamkia, tena kwa heshima zote.

Halafu yale matope. Siku ya tatu nilizama mpaka kiunoni, mkanivuta, buti moja likabaki. Novatus akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, akalitoa huku anasema, "Huu mlima una meno." Jioni tukala wale panzi wetu, senene, kutoka kwenye kopo lake, lile la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bluu. Alikuwa anawagawa mmojammoja kama dawa. Wewe ukaiba, akakupiga na kijiko.

Kesho yake, barafu tunaiona juu yetu, vidole vyangu vikafa. Novatus akaviweka kwapani kwake. Ukaniuliza kama vinauma, nikasema havina kitu. Ukasema, "Hapo ndipo pabaya, shemeji. Vikianza kuuma ujue umepona." Kwa ajili ya vidole vyangu tukageuka. Hakulalamika. Alitazama nyuma mara moja tu, nami nilimwona.

Ndiyo maana aliporudi huko na wewe sikumzuia, ingawa mimba ilikuwa ya miezi sita. Nilimkaangia senene, nikajaza kopo, nikamfungia begi. Aliniambia, "Nikiigusa tu ile barafu, nageuka." Nikamwambia, "Iguse kwa mikono miwili." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Sasa nisikilize, shemeji, na usikasirike. Baba mkwe ulimwambia kwenye simu kwamba ulimwona anateleza anaingia kwenye ufa wa barafu. Mimi, kwa mdomo wa dereva, ulinitumia kwamba alitangulia kwenye ukungu mkapotezana. Nimeyaweka maneno haya mawili pamoja kila siku nikiwa napeta kahawa, na hayakai kapu moja. Labda ulitaka mzee atulie na mimi nisiumie. Nakushukuru kwa nia hiyo. Lakini umemwachia yeye mwana aliyekufa, mimi umeniachia mume aliyepotea, na sote tuko nyumba moja, tunakula sufuria moja.

Sikulaumu kwa mlima. Ulimtafuta siku sita mpaka wenyeji wakakushusha kwa nguvu, hilo nimelisikia kwa watu. Naona pia kwa nini hurudi huku nyumbani Kiruruma. Mama yako anapita hapa kila Jumatano, anamshika Kemilembe, haulizi kitu. Njoo umwone hata kama hutafika kwetu.

Baba mkwe nimemwomba muda. Akasema, "Mpaka msimu ufike, senene waanguke. Wakianguka hakuna neno, tunazika." Ule ufito ameuegemeza kwenye nguzo ya mlango. Napita kando yake asubuhi na jioni. Mtoto ameanza kuunyooshea mkono.

Basi ninachohitaji ni hiki. Begi lake la kijani, na usilifue. Sweta la kijivu, lile nililolishona kiwiko kwa uzi mwekundu. Kopo la senene, hata kama ni tupu, na mfuniko wake. Mabuti ya mpira aliyoyaacha kambini. Kama limebaki moja, lete hilo moja.

Na karatasi moja ya mkono wako, isiyo na pole wala aya za Biblia, uniambie ulimwona au hukumwona. Kama ulimwona, vitu hivi vitaingia kaburini pamoja na mgomba, na mimi nitasimama mbele nimemshika mtoto. Kama hukumwona, begi litatundikwa kwenye msumari wake, na ule ufito nitauchanja kuni mwenyewe. Niambie tu. Ikiuma, iume.

Mungu akulinde huko kwenye baridi.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Kemilembe, mke wa Novatus