Matembele ya Mke Wangu

Jumapili, Oktoba 2012, Scarborough

Nimemwambia. Mchana Neema, binti yangu, alinionyesha kwenye kompyuta nyumba ya Warumi wa kale iliyofukuliwa chini ya majivu ya volkano, pamoja na bustani yake. Mizizi ilioza ikaacha matundu. Wataalamu wakamimina plasta humo, wakajua palipandwa nini.

"Baba, wakichimba hapa nyuma watayaona matembele ya mama."

"Yale yaliuawa na baridi," nikasema. Uongo uleule wa miaka sita.

Jioni nikashindwa kula. Nikamweleza kwamba baada ya arobaini ya mama yake niliyang'oa mwenyewe, nikamwaga zege, nikaegesha gari juu yake. Sikuweza kuyatazama yakiendelea kuchipua wakati mwenyewe hayupo.

Nilitegemea anigombeze, na ningestahili. Lakini aliisogeza tu sahani yake kando.

"Mama aliniambia niyafunike blanketi baridi ikianza," akasema. "Nikasahau. Mimi nilijua nimeyaua mimi, Baba."

Alikuwa na miaka kumi na moja wakati ule. Na mimi kila alipouliza, nilimjibu ni baridi.