Sichomi Nisichokijua

Jumamosi. Mvua imekatika kabla ya saa sita, ziwa limetulia. Mimi sijatulia.

Nimekasirika, na humu daftarini sitajifanya mpole.

Mama Divine, mwenyekiti wa ushirika wetu wa wakulima wa uyoga hapa Nengo, ng'ambo ya mpaka na Goma, ameniambia nichome mifuko yangu yote ya kuoteshea. Yote! Kisa, pembeni ya uyoga wangu kumeota kuvu nyingine, ya rangi ya waridi, nyembamba hata huioni mpaka uinamie. Yeye anasema ni ile kuvu ya utando iliyommalizia mwenzetu banda zima. Nisipochoma kabla ya Jumatatu, natolewa kwenye ushirika. Hoteli zinanunua kupitia ushirika, kwa hiyo nikitoka, nitamuuzia nani?

Lakini uyoga wangu haujanyauka. Unaota vizuri tu.

Basi asubuhi nikaweka kipande kwenye kichupa, nikashika njia ya mpakani. Nilikuwa naenda kwa Félicien, rafiki yangu wa Goma anayefundisha biolojia na mwenye hadubini yake mwenyewe. Afisa akakiinua kichupa.

"Iko nini humu, mama?"

"Kuvu."

"Kuvu ya nini? Iko na jina?"

"Jina ndilo naenda kulitafuta."

Akacheka. "Bon. Kama iko buyoga ya kula, pita. Kama hujue, rudisha."

Ningesema ndiyo, ningepita. Wanawake wenye mabeseni nyuma yangu walikuwa wananihimiza niseme ndiyo. Lakini kama nimekataa kuiita kuvu ya utando kwa sababu sijui, nitaiitaje uyoga kwa sababu foleni ni ndefu? Nikarudi na kichupa changu, huku wananicheka.

Félicien akanifokea kwenye simu: "We uko mukaidi, weee!" Mchana akaja mwenyewe, hadubini ameipakata kama mtoto mchanga. Hiyo ina jina, ikapita mpakani.

Tukaiweka kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha. Akaangalia muda mrefu, halafu akanipisha. Nilikuwa nimejiandaa kuona kuvu moja inainyonga nyingine. Nikaona nyuzi za aina mbili, nene za uyoga na nyembamba za mgeni wangu, zinapishana tu. Hakuna uliojizungusha kwenye mwenzake. Na vijimbegu vya mgeni vimefuatana kama shanga.

"Ile yenye munaogopa, haiko hii," akasema Félicien. "Ile naijua. Lakini hii iko nini? Mi sijue. Kweli, sijue."

Nilitaka kulia kwa furaha. Wiki nzima kila mtu ameibandika jina kuvu hii, na huyu ndiye wa kwanza kuiangalia kabla ya kufungua mdomo.

Jioni nikampigia Mama Divine. Nikamwambia nimehamishia mifuko stoo kwangu, mbali na mabanda ya wenzangu, na kwamba sichomi.

"Jina yake hujue. Sasa unajua nini?"

"Najua haili uyoga wangu."

"Kwa leo," akasema, akakata simu.

Kwa leo. Neno hilo halijanitoka mpaka sasa, kwa sababu ana haki ya kulisema. Naogopa. Kitu nisichokijua kinaweza kuwa kibaya kuliko ninachokijua, na asubuhi moja naweza kukuta mifuko yote imeoza. Ikifika hapo nitawasha moto mwenyewe, mbele yao, na nitaomba radhi.

Ila nitakuwa najua ninachoma nini.

Félicien ameniachia hadubini. Jumatatu wanitoe wakitaka. Jumanne watanikuta stoo, nimeinama, naangalia.