Kwa Kaka Ezekia, Kuhusu Sinema za Ghala la Saruji

Kaka Ezekia,

Kamwene. Barua yako kutoka Zambia nimeipata. Unasema reli imekwisha, kambi zimevunjwa, na umesikia kwamba kuna gari la sinema litakalozunguka vijiji vya Mbeya na Iringa, linatafuta mtu wa kusimama kando ya shuka la sinema na kuwaeleza watu kinachoendelea. Unaniomba mimi, ndugu yako wa gazetini, nikuandikie barua ya kukutambulisha. "Wewe uliniona nikifanya kazi," umesema. Ni kweli, nilikuona. Ndiyo sababu ninakujibu hadharani, gazetini, mahali ambapo wengine waliokuona wanaweza kunisahihisha.

Unalikumbuka ghala la saruji kambini kwenu, kambi ya Wachina wa reli, upande wa Rujewa. Jumapili alasiri mlisogeza mifuko upande mmoja, mkaziba madirisha kwa mablanketi na kutundika shuka jeupe ukutani. Watu walikuja kwa miguu: wakulima wa mpunga, wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, wanawake na watoto mgongoni. Vumbi la saruji lilitukaa kooni. Wewe ulisimama na kipaza sauti cha betri, suruali umeipiga pasi. Mimi nilikaa mbele juu ya mfuko, nikijisikia mkubwa kwa kuwa msemaji alikuwa kaka yangu.

Nianze na sinema zenyewe, kwa sababu katika barua yako umeziita elimu. Mimi zilinichefua. Nilitazama nne, zote za enzi za wafalme wa China, na sikumwona ndani yake mtu hata mmoja aliyefanya jambo kwa sababu mbili. Mwovu unamjua tangu anapoingia: nyusi zimechorwa kwenda juu, naye anacheka kabla hajaambiwa kitu. Mwema ana mashavu mekundu hata kama ameshinda njaa mwaka mzima. Malkia analia na wanja wake haushuki. Askari kumi wanauawa kwa upanga mmoja, na upanga unabaki safi kama kijiko cha mgeni. Kisha ngoma inapigwa ili ujue kwamba sasa ni wakati wa kukasirika. Miaka yote ile ya maisha ya watu, na hakuna anayekohoa, anayesahau alichotumwa, wala anayeona haya.

Watazamaji hawakuwa wajinga. Unamkumbuka Mama Tatu, yule mkulima wa mpunga aliyekuja kila Jumapili. Alimtazama binti wa kwenye shuka akipandikiza miche, akasema kwa sauti, "Miguu hiyo haijawahi kushikwa na ruba."

Jirani yake akamjibu, "Huyo anapanda kwenye sahani, shangazi. Akimaliza anafutwa kwa taulo."

Ghala zima lilicheka. Katika vicheko vyote vya mle ndani, hicho tu ndicho nisichokionea aibu.

Sasa kazi yako. Kichina ulijifunza kwenye kokoto za reli. Ulijua nyundo, chepe, haraka, chakula, hatari na kesho. Maneno ya wafalme hukuyajua, na hakuna aliyekulaumu, maana hata wewe hukupewa muda wa kuitazama sinema kabla. Ungeweza kusema hujui. Lakini kimya cha watu mia kinamtisha anayeshika kipaza sauti, nami nililiona hilo usoni kwako.

Katika sinema ya pili alitokea mwinyi mwenye ardhi, amevaa joho la hariri linalofika vifundoni. Mtu akauliza kutoka nyuma, "Huyo mwenye kanzu ni nani?"

Ulikohoa. Jina lake hukulisikia. Ukasema, "Huyu? Huyu si Mzee Sefu wa mashine?"

Walicheka mpaka mablanketi yakatikisika madirishani. Fundi wa Kichina aliyekuwa kwenye mtambo wa sinema alikuuliza kwa nini wanacheka mahali pa kulia. Baadaye uliniambia ulichomjibu: kwamba watu wa hapa wakiguswa sana hucheka.

Tangu siku ile kila mwenye joho akawa Sefu. Mkusanya kodi alikuwa Sefu, na waziri aliyemwekea mfalme sumu naye Sefu. Watu walikuwa wakikuuliza kabla hujafungua kinywa, "Sefu leo amefanya nini?" Nawe ukawapa walichotaka. Katika kinywa chako Sefu aliiba mpunga, akapunja mizani, akawatoza wajane.

Kwa wasiomjua: Mzee Sefu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Rujewa. Babu yake alitoka pwani, naye alivaa kanzu kila siku ya maisha yake, kama baba yetu alivyovaa koti lake la misheni kila siku. Hakuwa malaika. Alikuwa mkali wa maneno, na ikifika saa ya sala alifunga mashine hata kama foleni imefika barabarani. Wajane aliwakobolea kwanza, na waliotangulizwa hawakumsifu na waliongojeshwa walimnung'unikia. Mtu wa namna hiyo asingepata nafasi katika sinema zile. Wasingejua wamchore nyusi za aina gani.

Jumapili ya nne alikuja mwenyewe. Alikuwa amesikia yumo kwenye sinema. Alivaa kanzu safi, akasalimia watu, akapewa nafasi kwenye benchi la mbele kwa sababu ya umri wake. Uso wako ulibadilika, kaka. Nilikuwa karibu nawe, nikakunong'oneza, "Leo liache hilo jina."

Ukanijibu, "Wanalisubiri."

Joho likatokea, nawe ukalitaja. Siku hiyo mwinyi wa kwenye shuka alivalishwa kofia ndefu ya karatasi na kuamriwa apige magoti mbele ya wakulima. Akakataa. Wakampiga kwa mpini wa jembe mpaka akaanguka, ngoma zikalia, na watu walikuwa hawatazami shuka tena. Walikuwa wanamtazama mzee kwenye benchi. Alikaa mpaka taa ikawashwa. Alipopita karibu nawe alisema, "Ahsante kwa tafsiri, mwanangu," akatoka.

Siku tatu baadaye nilikuwa kwenye mashine yake, nimetumwa na gazeti kuandika habari za mavuno. Saa ya sala ilipofika alizima mashine. Wanaume watatu wakatoka kwenye foleni, wakachana mfuko mtupu wa saruji, wakakunja kofia ndefu, wakamvalisha. Mmoja akasema, "Sefu, si unajua kinachofuata?" Wakampigisha magoti kwenye pumba, mbele ya mke wake. Kisha wakacheka, wakamvua kofia, wakarudi kwenye foleni kungojea zamu yao. Ilichukua muda mfupi kuliko kukoboa debe moja. Mimi nilisimama kando na kalamu mkononi.

Nilikuja kambini kukueleza. Ukasema, "Walikuwa wanatania. Usiandike, mdogo wangu. Mkataba wangu unafikiriwa upya mwezi ujao."

Sikuandika. Niliandika kwamba mavuno yalikuwa mazuri. Mkataba uliupata, na kabla ya masika Mzee Sefu aliuza mashine na kuhama.

Kwa hiyo barua unayoiomba sitaiandika. Una sauti nzuri, unawajua watu, na shuka likiwashwa mbele yako utalitaja jina la mtu. Kijiji ambacho hakijakuona kina haki ya kubaki hivyo. Sinema zile nazichukia hata leo, lakini zilisema uongo juu ya watu waliokufa zamani. Wewe ulizipa mtu aliye hai, na mimi nilikulinda.

Sikutaka kuichapisha barua hii bila Mzee Sefu kujua. Wiki iliyopita nilikwenda Mbeya, mtaa wa Soweto, anakokaa kwa binti yake, nikamsomea yote mpaka hapo. Alisikiliza akiwa ameegemeza kichwa ukutani. Nilidhani atanikataza. Aliniomba nirudie sehemu ya mashine, nikairudia.

"Umekosea," akasema. "Umeandika walinipigisha magoti. Hakuna aliyenigusa bega. Niliyapiga mwenyewe."

Nilimuuliza kwa nini.

"Nilikuwa nimeitazama ile sinema mpaka mwisho," akasema. "Mke wangu hakuwa ameiona. Sikutaka aione."

Kosa langu nimeliacha huko juu lilivyo, na sahihisho lake ndilo hilo. Uwe salama huko uliko, kaka. Msalimie shemeji na watoto. Ukirudi, pitia Soweto kabla hujafika nyumbani kwetu.

Ni mimi,
mdogo wako.